Hongera za Daktari Mahale

Kumud alizimia Jumatatu asubuhi mbele ya bomba la maji. Kama angejua yatakayofuata, angejitahidi azimie siku nyingine, mahali pengine, ikiwezekana kwenye mtaa ambao watu wake hawaendi sinema.

Lakini mtaa wa namna hiyo haukuwepo Girgaon, na labda haukuwepo Bombay nzima. Jengo lao la vyumba vya kupanga lilikuwa na ghorofa tatu, roshani ndefu za mbao, choo kimoja kwa kila ghorofa na bomba moja chini uani. Watu waligombania maji, waligombania kamba za kuanikia nguo, wakadaiwa kodi mpaka mwenye nyumba akachoka kupanda ngazi. Ila Ijumaa filamu mpya inapofunguliwa, hakuna aliyekosa. Kodi ilikuwa na subira. Sinema haikuwa nayo.

Sababu ya kuzimia ilikuwa ya kawaida kabisa: alikuwa na njaa. Kumud alikuwa amechumbiwa na Prabhakar, karani wa reli aliyekaa mtaa wa pili, na mama Prabhakar alikuwa ametoa sharti moja dogo tu. Kabla ya harusi, mkwe afunge Jumatatu kumi na sita mfululizo, amwombe Bwana Shiva ampe mume mwema. Kumud alimuuliza mama yake, kwa ile sauti yake ya kunong'ona, kwa nini aombe mume mwema wakati mume ameshapatikana.

Mama yake alisimamisha cherehani, akafikiri. "Huenda mama yake anamjua kuliko sisi," akasema, akaendelea kushona.

Basi Kumud akafunga. Na kwa kuwa alikuwa binti wa kutii kupita kiasi, alianza kufunga tangu Jumapili mchana, asije mtu akasema alidokoa. Jumatatu hiyo ndoo ilianguka kwanza, naye akaifuata.

"Kumud kaanguka!" Yamunabai akapiga ukelele. Yamunabai alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye kilio chake kilijulikana mpaka kwa wauza tiketi wa sinema. "Msimguse! Mwacheni hivyo hivyo! Mwiteni Daktari!"

Mtaani alikuwepo daktari wa kweli, Daktari Sethna, mzee wa Kiparsi mwenye chumba cha kutibia pale kona. Hakuna hata mmoja aliyemkumbuka. Daktari wa jengo lile alikuwa Dinkar Mahale, wa chumba cha mwisho ghorofa ya pili, ambaye hakuwahi kusomea udaktari hata kwa bahati mbaya. Alichokuwa nacho ni koti jeupe lake mwenyewe na mipira ya kusikilizia moyo, na kwa ajili hiyo watu wa filamu walimpenda, maana mwigizaji anayekuja na mavazi yake huwapunguzia gharama. Kwa miaka ishirini Mahale alikuwa akitoka kwenye milango ya vyumba vya upasuaji. Msichana akizimia, alimshika mkono, akatabasamu na kutoa hongera. Mama wa shujaa akiugua, alivua miwani na kusema, "Sasa hahitaji dawa, anahitaji dua." Na wale vipofu wa dakika za mwisho aliwaambia wafungue macho taratibu. Elimu yake yote ya tiba iliishia hapo, na haikuwahi kumwangusha.

Zamani, enzi za picha nyeusi na nyeupe, daktari alikuwa mtu. Alifika nyumbani kwa wagonjwa, tajiri mwenyewe akampokea mkoba mlangoni na kumsindikiza hadi kwenye gari. Zilipokuja picha za rangi wakamhamishia hospitali, wakamwekea taa nyekundu juu ya mlango, na taa ikawa inatazamwa kuliko yeye. Sasa walikuwa wamekuja mashujaa hawa wapya wenye hasira, ambao wakipigwa risasi ya bega huichokoa wenyewe kwa kisu kilichopashwa kwenye mshumaa, halafu kwa bega lilelile wanaangusha wanaume wanane. Watu kama hao wana haja gani na daktari? Mahale hakuwa ameitwa kazini tangu mvua za mwaka uliopita.

Kwa hiyo alipoitwa asubuhi ile hakukimbia. Alivaa koti, akachana nywele, akashuka ngazi polepole kama mtu anayejua kamera iko wapi.

Alichuchumaa. Alimshika Kumud mkono, akatazama juu mawinguni. Na hakuwa na nia mbaya, hilo lazima lisemwe. Lakini mbele yake kulikuwa na msichana mzuri amelala chini, wanawake wamemzunguka wakizuia pumzi, na mama yake mjane ameshika ncha ya sari mdomoni. Mdomo wake ulikwenda wenyewe, kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini.

"Hongera," akasema, kwa sauti nzito iliyofika ghorofa ya tatu. "Kuna mgeni mdogo anakuja."

Kwenye filamu hapo muziki huanza. Pale uani kilichosikika ni maji ya bomba yakimwagika bure bila mtu kuyakinga, jambo ambalo jengo lile halikuwahi kuliona.

Kumud akafumbua macho. Aliona nyuso nyingi zikimtazama, na katikati yao tabasamu la Daktari Mahale, ambalo lilibaki palepale kwa sababu hakuna aliyeliamuru liondoke.

"Nina njaa," akanong'ona.

"Mnasikia?" Yamunabai akageukia wenzake. "Ana njaa! Wanakuwa na njaa hao! Lete ile achari ya ukwaju, haraka."

Achari ikaletwa. Kila aliyeingia sinema hata mara moja anajua kwamba mwanamke akitamani kichachu, habari yake imekwisha. Kumud, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, na ambaye alikuwa bado haelewi hata mfungo wake umevunjwa na nani, aliimaliza achari yote akalamba kidole.

"Haya," Yamunabai akasema kwa huzuni yenye raha nyingi ndani yake. "Mahakama nyingine mnataka ya nini?"

Kumud na mama yake wakapandishwa chumbani, na roshani ikaanza kazi. Kupitia dirisha Kumud alisikia kila neno, kwa maana hakuna aliyejisumbua kupunguza sauti.

"Lakini lini, shoga? Binti mwenyewe hatoki nje."

"Ile mvua! Mmesahau ile mvua? Alikuwa anatoka hekaluni na yule mchumba wake, mvua ikawakuta. Mimi mwenyewe niliwaona wamejikinga pamoja."

"Wawili peke yao?"

"Na muuza mahindi."

Mtu akauliza kwa sauti ya chini, "Moto ulikuwepo?"

"Muuza mahindi asiye na moto umemwona wapi, wewe?"

Roshani nzima ikashusha pumzi. Mvua, moto, na vijana wawili waliolowa. Miaka yote hiyo wakaguzi wa serikali walikuwa wamewakataza watu wa filamu kuonyesha zaidi ya hapo. Shujaa na mpenzi wake wakikaribiana, kamera hugeuka ikatazama moto, au maua mawili yakigusana, na miezi tisa baadaye kuna mtoto. Mtu akitazama jambo hilo tangu utotoni, anaanza kuogopa maua.

Mama yake Kumud hakupiga kelele wala hakumzaba kofi. Alimtuma mtu akamwite Daktari Sethna. Mzee akaja na ndala zake, amekasirika kwa sababu alikuwa anakunywa chai. Akamtazama Kumud macho, akambonyeza ukucha, akauliza alikula lini.

"Njaa," akasema. "Mpeni wali. Na hiyo achari ya tumbo tupu ni ujinga wa nani?" Akaondoka.

"Huyo naye daktari gani," ilisikika sauti ya Yamunabai nje. "Hata miwani hakuvua. Hata dirishani hakusimama akafikiri. Anasema tu 'njaa', kama anasoma bei ya viazi."

"Mimi nakuamini," mama akamwambia Kumud, akimpakulia wali. "Lakini nitasema nini mimi? Angalia mwenyewe. Mjane, sari nyeupe, cherehani. Nikifungua mdomo wataanza kulia kabla sijamaliza. Na habari imeshafika kwa kina Prabhakar. Mama yake amesema jioni hii anakuja kuchukua bangili zao za uchumba."

Kumud aliacha tonge hewani. Bangili zikirudi, jina lake linakwenda nazo. Hakuna kijana mwingine Girgaon atakayeleta nyingine, na roshani ile itamtazama hivyo mpaka atakapotoka mle amebebwa. Akarudisha tonge kwenye sahani. Akajifunika kichwa kwa sari, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapanda kwenda ghorofa ya pili, yeye ambaye hajawahi kwenda hata kuazima chumvi peke yake.

Mahale alikuwa ameketi kitandani, bado na koti lake.

"Daktari," Kumud akasema akitazama sakafu, "umeniua."

"Najua, mwanangu." Alionekana mgonjwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kumtibu. "Nilitaka kunyamaza. Haki ya Mungu nilitaka. Lakini wewe ulikuwa umelala vizuri mno."

"Njoo useme ulikosea."

"Nitasemaje? Hiyo kauli sijawahi kupewa." Akasugua magoti. "Miaka ishirini, hakuna filamu hata moja ambayo daktari alisema 'nimekosea'. Nikisema hivyo nitakuwa nani? Asubuhi muuza maziwa ananiambia 'Namaste, Daktari'. Kinyozi ananipisha kiti. Wakijua mimi ni Dinkar tu, ni nani atanipisha? Na kazi yenyewe hakuna. Mashujaa wa siku hizi wanajitibu."

Kumud alimwelewa, na hilo lilimkera zaidi.

"Na nikikupa kauli?" akauliza.

Mahale akainua kichwa. "Ndefu?"

"Fupi. Lakini utatoka mlangoni. Mlango utakuwa umefungwa, watu wote wapo nje wanangoja. Utasema: 'Hahitaji dawa. Hahitaji dua. Anahitaji chakula. Mimi nilidhani ni heri, kumbe ni njaa.'"

Midomo ya mzee ikaanza kuyatafuna maneno yale polepole, kama mtu aliyepewa nyama baada ya mwaka mzima wa dengu.

"Miwani," akasema. "Nivue kabla, au baada ya 'hahitaji dawa'?"

"Kabla."

"Ndiyo. Kabla ni bora." Akasimama, akalinyoosha koti. "Mwanangu, wewe ungekuwa mwongozaji wa filamu."

Jioni, kabla jua halijazama, mama Prabhakar aliwasili akiwa na mwanawe nyuma yake, na roshani ilijaa mpaka mbao zikalia. Watu wa ghorofa ya tatu walishuka na viti vyao. Mtu mmoja alileta karanga. Mlango wa chumba cha Kumud ulikuwa umefungwa. Ndani alikuwa yeye, kitandani, na Mahale amesimama nyuma ya mlango akinong'ona kauli yake. Mama yake Kumud alikuwa nje, amesimama wima kizingitini.

"Sikuja kugombana, mama Kumud," sauti ya mama Prabhakar ikasikika. "Nimekuja kuchukua bangili zetu. Mimi nilisema afunge kwa ajili ya mwanangu. Sikusema afunge huku anafungua."

Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Lilikuwa tusi zuri.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba ya mwanamume. "Mama. Mtoto ni wangu."

Hata karanga zilisimama midomoni.

"Wako?" mama yake akauliza. "Wako vipi?"

"Ile siku ya mvua," Prabhakar akasema. "Tulisimama pamoja chini ya mwavuli wa muuza mahindi. Na moto ulikuwepo, sitaki kuficha."

"Kisha?"

"Kisha tukala mahindi."

"Kisha?"

"Kisha basi likaja."

Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa kila mtu pale roshani alijua kilichopo kati ya moto na basi. Kumud, kitandani, alijifunika uso kwa mikono miwili. Mtu huyu alikuwa na cheti cha shule, alikuwa anapanga ratiba za treni. Ama alikuwa mjinga kuliko wajinga wote wa reli, ama alikuwa amesimama mbele ya mama yake na jengo zima kubeba lawama isiyo yake. Kwenye filamu watu hao wawili huwa ni mtu mmoja, na mwisho huozwa.

"Sasa, Daktari," akanong'ona. "Toka."

Mahale akafungua mlango, akatoka, akaurudishia nyuma yake. Roshani ikamwona amesimama pale, koti jeupe, mipira shingoni. Akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, wala hakuharakisha. Akavua miwani. Akaifuta.

"Hahitaji dawa," akasema.

Na hapo, mbele ya watazamaji wengi kiasi kile, miaka ishirini ya mazoea ikamshika ulimi.

"Anahitaji dua."

Yamunabai ndiye aliyeanza. Alitoa kilio kilichosimamisha gari la ng'ombe barabarani, na wengine wakampokea. Mtu akakimbilia kengele ya mungu wa nyumbani akaigonga bila mpango. Mama Prabhakar, aliyekuja kuchukua bangili, alijipiga kifua. "Mkwe wangu! Mkwe wangu wa dhahabu! Shiva, nichukue mimi, mwache yeye!" Akamkamata mwanawe mkono akimvuta kuelekea mlangoni ili aweke mkono wake juu ya mkono wa marehemu mtarajiwa kabla hajafunga macho, maana hivyo ndivyo inavyofanywa. Prabhakar alikuwa analia kweli. Mama yake Kumud peke yake ndiye aliyesimama bila chozi, akimtazama Mahale kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

Mahale alisimama katikati ya kilio kile, miwani mkononi, amepauka. Alijua amekosea. Alijua pia kwamba waigizaji wa aina yake hawapewi nafasi ya pili. Mkanda ni ghali, ukikosea wanakuambia nenda, kesho wanamleta mwingine mwenye koti lake.

Mlango nyuma yake ukafunguka. Kumud akatoka.

Mtu mmoja akapiga yowe na kudondosha karanga zake. Sauti ya Kumud haikuwa imewahi kuvuka kizingiti cha chumba chao, na aliisikia sasa ikitoka kama ya mtu mwingine.

"Daktari," akasema. "Rudia. Hujamaliza."

"Nirudie?" Mahale akamgeukia. Macho yalimjaa machozi. "Kweli? Naruhusiwa?"

"Rudia tangu mwanzo. Na nyinyi nyamazeni!" akawaambia wanawake, akashtuka mwenyewe. "Anazungumza."

Wakanyamaza. Mahale akavaa miwani ili apate ya kuvua. Akaingia ndani, akafunga mlango, akaufungua, akatoka upya. Mtu wa ghorofa ya tatu alisema baadaye kwamba hata taa nyekundu aliiona.

"Hahitaji dawa," akasema, taratibu. "Hahitaji dua." Akangoja, na kila mtu akangoja naye. "Anahitaji chakula. Asubuhi mimi nilidhani ni heri, kumbe ni njaa. Hakuna mgeni. Kuna binti aliyefungishwa mpaka akaanguka." Kisha, kwa kuwa alikuwa amenogewa, akaongeza lake mwenyewe, la kwanza maishani, akimnyooshea mama Prabhakar ile miwani. "Na aliyemfungisha yupo hapa hapa."

Roshani nzima ikamgeukia mama Prabhakar. Yale aliyoyasema Daktari Sethna mchana, bure, bila miwani, sasa yalikuwa ukweli mtupu.

"Mimi nilijua tangu asubuhi," Yamunabai akasema, akijipangusa macho. "Uso wake ulikuwa wa njaa kabisa. Si niliwaambia leteni achari?"

Mama Prabhakar aliitazama roshani. Watu walikuwa wengi mno na wote walishajua nafasi yake katika hadithi ni ipi. Akaingia ndani, akatafuta wali na dengu, akapakua kwa mkono wake, akamletea Kumud mlangoni. Kumud akaketi palepale kizingitini, mbele ya macho yote yale, akala. Hakula kwa aibu. Alikula kama mtu anayefuta kitu ubaoni.

Prabhakar alisogea taratibu akachuchumaa kando yake.

"Kwa hiyo," akauliza kwa sauti ya chini, "hakuna mtoto?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Tulikula mahindi, Prabhakar."

"Mimi nilidhani..." Masikio yalimwiva. "Hakuna mtu aliyewahi kunieleza. Pale huwa wanaonyesha maua."

Kumud alimtazama kwa mara ya kwanza bila kutazama sakafu. Alitafuta kama anatania. Hakuwa anatania. Akatafuta tena kama, bila kujua lolote, alikuwa tayari kulea mtoto wa mahindi yale. Alikuwa tayari. Akasukuma sahani kidogo pembeni.

"Bangili nitabaki nazo," akasema. "Lakini Jumatatu zilizobaki utafunga wewe. Uombe mke mwema."

"Lakini mke ameshapatikana," Prabhakar akasema.

"Muulize mama yako kwa nini. Yeye ndiye anayejua sheria zake."

Jumatatu iliyofuata Prabhakar alikuja asubuhi kuwasalimia kabla ya kazi. Tangu Jumapili mchana hakuwa ametia kitu mdomoni, asije mtu akasema alidokoa. Alifika mpaka karibu na bomba la maji.

"Kaanguka!" Yamunabai akapiga ukelele. "Msimguse! Mwiteni Daktari!"

Ngazi zikalia polepole. Mahale akashuka na koti lililopigwa pasi upya, akachuchumaa, akamshika kijana mkono, akainua macho mawinguni. Wanawake wakasogea, wakazuia pumzi. Taratibu, tabasamu lilelile likaanza kujikusanya usoni mwa mzee.

"Daktari," Kumud akasema kutoka kwenye ngazi, sahani ikiwa tayari mkononi. "Wali."